Koo Lililoliwa na Moto

Nola Brekke aliupanda ule mwinuko kwa magoti na viganja, na hakuona haya. Tangu Jumanne, Vern Tasker alipodunguliwa akivunja barafu kwenye birika la ng'ombe wake, hakuna mtu katika kaunti ya Pruett aliyetembea wima mahali pa wazi. Mapazia yalifungwa mchana kweupe. Ng'ombe walilia kiu mazizini. Hata mchungaji wa kanisa la Kilutheri aliongoza ibada ya kumwombea marehemu akiwa amejibanza kando ya nguzo, mbali na madirisha, na sala zake alizisoma mbiombio. Mtu alikuwa ameshakamatwa, ndiyo, lakini hofu ilikuwa bado haijapata habari.

"Simama basi, Nola!" Cal Dressen alimcheka kutoka nyuma. "Mshukiwa wako yuko selo anakula mayai ya kukaanga. Unamtambalia nani huku?"

"Naitambalia roho yangu," Nola alijibu. "Wewe ukitaka simama, nikurithi pikapu."

Cal alicheka tena. Alikuwa naibu sherifu kama Nola, mrefu, mwepesi wa maneno, kipenzi cha wazee na watoto wa shule. Dada yake Rhonda ndiye aliyepokea simu na kusimamia redio ya ofisi ya sherifu. Asubuhi ile Cal alijitolea mwenyewe kumsindikiza Nola mlimani, na Nola alimshukuru kwa moyo wote. Peke yake asingethubutu.

Juu kabisa kulikuwa na mwamba bapa. Kutoka pale birika la Vern lilionekana dogo kama kifuniko cha sufuria. Nola alikadiria umbali kwa jicho. Mwindaji wa kubahatisha asingemfikia mtu kutoka hapa. Aliyempiga Vern alikuwa mpiga shabaha hasa, na wapiga shabaha wa aina hiyo Pruett nzima ungewahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Ganda la risasi ile iliyoua lilikutwa juu ya mwamba huu siku ileile, limekaa mahali pa wazi kabisa. Kitakoni lilikuwa na alama nyekundu ya rangi ya kucha. Hakuna asiyeijua alama hiyo. Gus Rademaker, bingwa wa klabu ya shabaha, alizitia risasi zake rangi ya kucha ya marehemu mkewe ili zisichanganyike na za wenzake. Juu ya hilo, Gus na Vern walikuwa wamegombania maji ya mfereji tangu kiangazi. Kesi iliiva kabla ya maji kuchemka, na Gus akatiwa selo.

Kilichomkera Nola ni simu. Siku moja kabla ya kifo chake, Vern alimpigia nyumbani akamwambia, "Nina jambo, Nola. Tukae ana kwa ana. Si kwa redio." Si kwa redio, maana katika kaunti ile kila jiko lilikuwa na kiredio cha kunasa mawasiliano ya polisi, kimewekwa juu ya friji pembeni ya mkate, na watu walikisikiliza toka chai ya asubuhi hadi usingizi. Vern hakuwahi kulisema jambo lake. Na mtu anayegombania maji hana haja ya kuficha. Gus na Vern walikuwa wakitukanana dukani mbele za watu.

Nola aliuzunguka mwamba polepole, pua karibu na ardhi. Chini ya kichaka cha mreteni, mahali theluji haikufika, aliona vipunje vya kijivu vimemwagika. Mwanzoni alidhani ni mavi ya panya. Alikibana kimoja kwa kucha, akakinusa.

Ilikuwa baruti. Baruti mbichi, haijaona moto.

Aliingiza mkono kwenye mizizi, akapapasa, akatoa ganda. Alama nyekundu kitakoni ilikuwepo. Lakini fataki, kile kiwashio cha baruti kitakoni, ilikuwa nzima, haijaguswa na sindano ya bunduki, na mdomo wa ganda ulikuwa wazi. Kichwa cha risasi hakikuwepo.

"Umepata nini?" Cal aliuliza. Alikuwa amesogea bila kusikika.

"Ganda lingine la Gus. Halikufyatuliwa, na halina kichwa."

"Basi! Mawili sasa," Cal alisema. "Mzee amejichimbia kaburi kwa koleo mbili. Lete nikaliandikishe ofisini, wewe uende ukapate kahawa."

"Kichwa kimekwenda wapi, Cal?"

"Kimeanguka. Panya wamekichukua. Mimi nitajuaje? Lete."

Mkono wake ulikuwa umenyooshwa. Nola aliliangalia ganda, kisha akalitia kwenye mfuko wa ushahidi na mfuko akautia kwenye koti lake. Alikuwa amekulia kwenye meza ya jikoni ambapo baba yake alipakilia risasi zake mwenyewe kila Jumapili, baruti kwanza kisha kichwa, na alijua kwamba kichwa cha risasi hakianguki tu.

"Nitapitia kwa Orrin kwanza," alisema.

Cal aliurudisha mkono wake mfukoni. Safari ya kushuka hakutania tena, na Nola alidhani ni baridi.

*

Orrin Stuckey alikuwa fundi bunduki wa pekee mjini. Madirisha ya karakana yake yalikuwa yamezibwa kwa maboksi, na kabla ya kufungua mlango alimuuliza Nola jina lake kamili, ingawa walisoma darasa moja.

"Jina langu unalijua, Orrin. Uliwahi kuniibia sandwichi."

"Siku hizi hata sauti naiogopa. Ingia, ingia, usisimame mlangoni ukanivutia balaa."

Nola aliweka mezani bunduki ya Gus na kisanduku cha risasi zake, vyote vimefungwa utepe wa ushahidi, kisha akaweka lile ganda. Orrin alisugua mikono kwa furaha. Hakumpenda Gus hata kidogo. Gus hakuwahi kumpa kazi. Mitutu yake ilitengenezwa mjini Billings, na dharau hiyo Orrin aliimeza kila siku pamoja na chakula.

"Leo namfunga mwenyewe kwa mikono yangu," alisema. "Kichwa kilikwama, ndivyo ninavyokuambia. Huyo mshenzi alipiga risasi ya kwanza, akaingiza ya pili tayari, akaona Vern ameshaanguka. Akavuta komeo la bunduki aitoe. Kichwa kikabaki kimeng'ang'ania ndani ya mtutu, ganda likatoka peke yake, baruti ikamwagika. Nimeona mara nyingi kwenye mashindano. Mtu anatukana, anaomba ufito, anakigonga kutokea mbele."

"Na kwa nini king'ang'anie?"

"Kwa sababu risasi ilikuwa ndefu. Ndani ya mtutu kuna matuta na mifereji, si unajua? Kichwa kikikalishwa nje mno kwenye ganda, ukifunga komeo kinajikita kwenye matuta kama jino kwenye ufizi."

"Gus Rademaker azipakie risasi zake ndefu mno?" Nola aliuliza. "Gus yule anayepima hata sukari ya chai?"

Orrin alivaa miwani. Kisha akachukua kipimo chake na kuipima risasi moja ya Gus, halafu nyingine. "Ndefu kweli," alisema. "Ndefu sana. Nilikuambia!"

"Baba yangu naye alizifanya ndefu," Nola alisema, "kila mtutu wake ulipozeeka. Moto unalila koo la mtutu, pale matuta yanapoanzia. Kila mfyatuo unalamba kidogo, matuta yanakwenda yakisogea mbele, kichwa kinabaki na mwendo mrefu hewani kabla ya kuyagusa, na shabaha zinaanza kutawanyika. Kwa hiyo unalifuata koo. Unakalisha kichwa nje kidogo, unene wa unywele. Baada ya miezi, unywele mwingine."

"Ninajua kazi yangu, Nola."

"Basi jaribu."

Orrin alikalisha kichwa kwenye ganda tupu lisilo na baruti wala fataki, urefu uleule wa risasi za Gus, akaliingiza kwenye bunduki ya Gus. Komeo lilifunga laini. Akalivuta, na risasi ikatoka nzima, kichwa chake kikiwa hakina hata mkwaruzo. Orrin akanuna. Alirudia, na ikatoka vilevile. Akatazama ndani ya mtutu kwa kijitaa chake chembamba.

"Koo hili limeliwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa kulipa. "Limechakaa vibaya sana. Hizi risasi zimeshonwa kwa ajili yake kama suti."

"Na kwenye mtutu mpya?"

Ukutani kulikuwa na bunduki ya mteja, ya kipenyo kilekile, mtutu wake haujatimiza mwezi. "Chemba yake, pale risasi inapokaa, si pacha kamili na ya Gus," Orrin alionya, "lakini itatupa picha." Safari hii komeo lilimgomea, ikabidi alisukume kwa kiganja. Alipolivuta, ganda lilitoka likiwa mdomo wazi. Kichwa kilibaki ndani.

Wote wawili walilitazama lile ganda tupu. Upepo ulitikisa boksi dirishani na Orrin akaruka.

"Kwa hiyo si bunduki hii," Nola alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyotaka. "Risasi ni za Gus, lakini bunduki iliyomuua Vern ni nyingine. Ina chemba inayozikubali risasi za Gus, na koo lake ni changa."

"Mungu wangu. Huyo mtu bado yuko nje."

"Nani ana chemba inayofanana na ya Gus?"

"Mimi nitajuaje? Gus alinunua keekee yake mwenyewe ya kuchongea chemba, na inakaa kwa fundi wake wa Billings. Lakini hawa watu wa shabaha wana desturi yao: wawili wakipendana, wanachonga bunduki zao kwa keekee moja ili wale chungu kimoja. Mmoja akiishiwa risasi uwanjani, anachota kwa mwenzake." Orrin alijifuta jasho. "Ila huyu wa kwako ni mjinga wa ajabu. Mtu anayejipakilia risasi mwenyewe angejua kwamba za koo lililochakaa haziingii kwenye koo jipya. Huyu hajawahi kukalisha kichwa hata kimoja. Amezoea kupakuliwa."

"Akishakitoa kichwa kilichokwama, tutamjuaje?"

"Akitoe, akisage, akimeze. Mtutu hauzeeki kwa usiku mmoja. Ukiupata, umempata."

Redio ya Nola ilikoroma begani. Ilikuwa sauti ya Rhonda. "Nola, taarifa tu. Sherifu amekubali Gus ahamishiwe jela ya Billings leo hii, kwa usalama wake. Cal anampeleka sasa."

"Si ilikuwa Jumatatu?"

"Cal ameomba iwe leo. Anasema barabara itafungwa na theluji."

Nola alitazama nje kwa kitundu cha boksi. Mbingu ilikuwa nyeupe, kavu, bila hata dalili ya theluji. Aliharakisha kuelekea mlangoni, ingawa bado hakuelewa kwa nini.

*

Mahabusu ilikuwa chini ya jengo la mahakama. Ghorofani, Rhonda alikaa na redio zake nyuma ya kioo. Chini palikuwa na selo tatu na taa moja iliyokuwa ikinguruma. Mlangoni palikuwa na sanduku la chuma la silaha, na sheria ilikuwa moja tu: hakuna anayeingia na bastola, hata sherifu mwenyewe. Nola aliiweka ya kwake sandukuni. Sanduku lilikuwa tupu.

Cal alikuwa tayari ameufungua mlango wa selo ya Gus. Pingu na minyororo ya miguu vilikuwa vimening'inia mkononi mwake. Gus alikuwa ameketi kitandani, mzee mwembamba mwenye masharubu meupe, kikombe cha kahawa mapajani.

"Sherifu yuko wapi?" Nola aliuliza.

"Kwa mjane wa Vern, anamlinda na vivuli," Cal alisema. "Umekuja kumuaga mzee?"

"Nina swali moja kwake."

"Uliza upesi. Barabara ni ndefu."

Nola alisimama kizingitini mwa selo. Cal alisimama nyuma yake, karibu kiasi cha Nola kunusa ubani aliokuwa akitafuna.

"Gus," Nola alisema, "tumeijaribu bunduki yako. Risasi zako zinaingia na kutoka humo bila taabu. Lakini aliyempiga Vern, ya pili ilimkwamia. Kichwa kilibaki ndani ya mtutu. Baruti nimeikuta mlimani."

Gus aliinua uso. Kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, kulikuwa na kitu machoni mwake. "Ilikwama? Ile ya kwangu?"

"Ya kwako, yenye rangi ya kucha."

"Haiwezekani. Risasi zile nilizipakia mwezi wa kwanza. Koo langu linakwenda, Nola, nimelifuata mpaka kichwa kinakaribia kuangukia nje ya ganda. Zikwame wapi? Labda kwenye mtutu mpya, na mtutu mpya mimi sina."

"Nani mwingine ana chemba ya keekee yako?"

Gus alianza kujibu kwa urahisi, kama mtu anayeulizwa jina la mbwa wake. "Moja tu. Zilichongwa siku moja, mitutu miwili ya sanduku moja. Zimezeeka pamoja. Mimi ndiye ninayempakilia, hajui hata kushika..."



Macho yake yalipita juu ya bega la Nola na kuganda huko. Nola aliona rangi ikimtoka mzee yule usoni, kuanzia paji hadi shingoni.

"Hajui kushika nini?" Nola aliuliza.

"Hakuna. Nimesahau. Mzee nimechoka."

"Gus, jina."

"Nimesema nimesahau!" Kisha, kwa sauti ya chini inayoomba: "Nola, nipeleke wewe Billings. Tafadhali. Nipeleke wewe."

"Mzee ameanza kuchagua dereva sasa," Cal alisema. Alicheka, lakini kicheko kilikatika njiani. "Simama, Gus. Geuka."

Gus hakusimama. Alimtazama Cal kama mtu anavyomtazama mwanawe aliyemkuta na mkono kabatini. Hofu ilikuwepo, na chini ya hofu palikuwa na uchungu mkubwa zaidi.

"Ulibadilisha mtutu, Cal?" aliuliza polepole. "Hukuniambia. Ningekukalishia upya, mwanangu. Kazi ya jioni moja tu."

Taa ilinguruma.

"Mtutu gani?" Cal alisema.

Nola hakugeuka. Alijikuta anafikiri kwa haraka ambayo hakuijua kuwa anayo. Sanduku la silaha lilikuwa tupu. Cal aliingia kabla yake, na hakuiacha bastola yake humo. Mkono ulionyooshwa mlimani: lete, nikaliandikishe. Theluji isiyokuwepo. Barabara ya Billings, ranchi zenye mapazia yaliyofungwa, mzee mwenye minyororo, na risasi moja, halafu taarifa fupi kwamba alijaribu kutoroka. Na sasa wangekuwa wawili.

Alisikia ngozi ya mkoba wa bastola ikifunguka nyuma yake.

Kulikuwa na hatua moja tu kati yake na Gus. Nola aliipiga, akashika chuma cha mlango na kuuvuta nyuma yake kwa nguvu zake zote. Milango ile ya zamani ilijifunga yenyewe. Mlio wake uliijaza mahabusu nzima.

"Nola." Cal alikuwa upande wa pili wa nondo, bastola mkononi, imeelekezwa sakafuni. "Nola, acha upuuzi. Umejifungia na muuaji."

"Rudi nyuma, Cal."

"Ufunguo uko hapo ukutani. Nitafungua, tutazungumza kama watu wazima."

"Basi nenda kauchukue," alisema, na mkono wake ukapanda begani kwenye redio. Kitufe alikikosa mara ya kwanza. Ndipo akakumbuka nani yuko upande wa pili. Redio ile ilipitia mikono ya Rhonda. Rhonda aliyemlea Cal baba yao alipokufa, Rhonda aliyempikia kila Jumapili. Damu nzito kuliko maji. Rhonda angeweza kuizima sauti yake kwa kidole kimoja, akasema mitambo imeharibika, na chini hapa kungebaki risasi mbili na maneno ya mtu mmoja.

Hakukuwa na mlango mwingine. Nola alibonyeza.

"Rhonda, Nola hapa. Niko selo, nimejifungia na Gus Rademaker. Nahitaji hii ipite wazi, isikike kaunti nzima." Aliivuta redio karibu na mdomo. "Gus hakumuua Vern. Bunduki iliyomuua ni pacha wa bunduki ya Gus, imewekwa mtutu mpya juzijuzi. Ni ya Cal Dressen. Cal yuko mbele yangu, na bastola anayo."

Akaachia kitufe. Redio ilikoroma, ikanyamaza.

Cal alitabasamu. Hilo ndilo lililomtisha Nola kuliko bastola. "Ni Rhonda huyo," alisema taratibu. "Ni Rhonda, Nola. Umempigia dada yangu."

"Ilikuwa kwa nini?" Gus aliuliza kutoka kitandani. "Vern alikukosea nini?"

"Ndama," Cal alisema. "Ndama wachache wasio na chapa ya mwenyewe, nani angejua wamepotea? Vern aliniona nikiwaiba. Nilimwomba aniache, nilimwomba kwa magoti, Gus. Akasema anakwenda kwa Nola." Aliipandisha bastola, akaishusha, akaipandisha. "Sikutaka uwe wewe. Risasi zako ndizo nilizokuwa nazo."

Redio ilikoroma tena.

"Rudia, Nola." Ilikuwa sauti ya Rhonda, kavu kabisa. "Rudia jina."

Gus alifumba macho. Nola aliegemea ukuta. "Cal," alisema. "Cal Dressen. Samahani, Rhonda."

Juu yao, ghorofani, kiti kilisukumwa. Nola alihesabu pumzi zake akaacha kuhesabu. Cal alikuwa ameinua uso akitazama dari, tabasamu lake lingali midomoni, akingoja dada yake amwokoe kama alivyomwokoa siku zote.

"Sherifu Hanley," Rhonda alisema redioni. Sauti ilianza kuvunjika na akaishika. "Nenda nyumbani kwa Cal Dressen. Ufunguo wa mlango wa nyuma uko chini ya ndoo ya farasi. Bunduki huwa anaiweka nyuma ya friza, kwenye chumba cha kufulia. Mtutu ni mpya. Mimi mwenyewe nilitia saini kupokea kifurushi chake kilipoletwa hapa ofisini, akaniambia ni zawadi kutoka kwa Gus." Redio ilijaa mkwaruzo, kisha pumzi ya mtu anayelia bila kutaka kusikika. "Manaibu wengine wote, njooni mahakamani. Na Cal. Cal, najua unanisikia. Usimguse mtu yeyote humo ndani. Mama ana redio jikoni, na amekwisha kusikia."

Tabasamu lilimtoka Cal. Alitazama bastola iliyokuwa mkononi mwake kwa mshangao, akaiweka chini sakafuni kwa uangalifu, akaisukuma kwa kiatu mpaka ikapita chini ya nondo na kugusa kiatu cha Nola. Kisha akaketi na mgongo wake ukutani, akajifunika uso kwa mikono.

Ghorofani simu ilianza kulia. Ililia na kulia, na Rhonda hakuipokea.